Ubeti wa Saba

Mombasa,
14 Januari 2025

Mwalimu wangu Hiribae,

Shikamoo. Simu yako naipiga tangu Ijumaa, yaita mpaka inakatika. Nikampigia mkeo, Bi Bahiya, akaniambia uko shambani, kisha akaniambia umelala, kisha chaji ikamwishia. Basi nimerudi kwenye kazi uliyonifundisha mwenyewe darasa la sita pale Kipini: anwani kulia, tarehe chini yake, salamu kabla ya shida. Barua hii anayo mpwa wangu anayekuja Tarasaa. Ataiacha dukani kwa Bilal.

Shida ni kitabu chetu. Miaka kumi naandika historia na siasa na ushairi wa delta, na wasomaji wangu nawajua kwa majina, wengi ni ndugu zangu. Leo ukurasa mmoja unasomwa na mawakili. Kamati inayosikiliza madai ya njia za mifugo itakaa Garsen tarehe 20 Februari. Wakulima wa Chara wameweka mezani ukurasa wa 112, ile ramani ya Malka ya Mkuyu, njia ya ng'ombe kuteremkia majini. Wanasema daktari wa chuo, yaani mimi, ameshaandika ng'ombe wateremkie wapi mtoni: ni pale penye mkuyu, kwenye mkondo wa zamani, na kwingine kote ni mashamba. Wafugaji wanasema pale hapana mto, na malka yao haipo pale. Mpaka uamuzi utoke, wameambiwa wafuate ramani.

Nimeitwa nikaitetee, na peke yangu siwezi. Wewe ndiwe uliyenitembeza mwaka 2018, wewe ndiwe uliyenifasiria wimbo wa yule mfugaji, Mzee Duba, ubeti kwa ubeti. Mimi Kiorma changu ni cha kuombea maji ya kunywa tu. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza kabisa niliandika: "Kwa Mwalimu Suleiman Hiribae, mkalimani wangu mwaminifu." Njoo ukae kando yangu, useme tulichoona.

Huka, mwanafunzi wangu wa Garsen, ataanza kuzisikiliza upya rekodi zote za safari ile, tupeleke tafsiri kamili kwa maandishi. Nadhani itatosha kuwanyamazisha.

Msalimie Bi Bahiya. Mwambie anunue chaji nyingine.

Mwanafunzi wako,
Ikhlas Shee


Chara,
21 Januari 2025

Mwanangu Daktari Ikhlas,

Marahaba. Barua imefika, na nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kama zamani. Makosa mawili tu, na yote ni ya haraka. Ungekuwa darasani ningekupa tisini na nane na kofi moja la mgongoni.

Kuhusu simu, nisamehe. Sikio la kulia limestaafu kabla yangu, na la kushoto linafuata. Bahiya naye hajui kusema uongo. Akijaribu, anausema mara tatu kwa mpigo.

Kuja Garsen, mwanangu, sioni vipi. Goti limevimba, na kamati hizi unazijua, unakaa kwenye kiti cha plastiki tangu saa tatu hadi alasiri, unasikiliza watu wakitoa shukrani. Ramani iko sawa. Uliuona mkuyu kwa macho yako, ukaupiga picha, ukapima mahali na kile kimashine chako. Mwandishi hatetei alichokwisha kuandika, kitabu kinajitetea. Waandikie barua fupi, nayo itatosha.

Na hizo rekodi za nini tena? Zilishafanya kazi yake. Mzee Duba alikuwa mtu mzima hata wakati ule, alikuwa akichanganya mambo, unakumbuka alivyokuwa akirudiarudia. Usimsumbue kijana wa watu kwa saa zote hizo za kukohoa na upepo. Ulizihifadhi zote, au ziko zilizopotea? Nauliza tu.

Nimekuwekea maembe kwa Bilal. Mwambie mpwa wako asiyale njiani.

Mwalimu wako,
S. Hiribae


Mombasa,
2 Februari 2025

Mwalimu,

Hazikupotea.

Rekodi ya kumi na nne, tarehe 8 Agosti 2018, tumesimama chini ya mkuyu. Dakika ya tisa Mzee Duba anasema, na haya ni maneno yake kama Huka alivyoyaandika: "Hapa ni kaburi la mto. Maji yalihama, na jina likahama nayo. Malka iko kule yaliko maji, mbele ya nyumba ya huyu mwalimu." Kisha inasikika sauti yako, tulivu, sauti ile ile ya imla: "Anasema mto ulipita hapa, na malka imepewa jina la mkuyu huu."

Huka alivua vipokea sauti vya masikioni akanitazama. Nikamwambia arudie. Akarudia mara nne.

Halafu wimbo. Kitabu changu kinasema una beti sita. Nimeandika kurasa kumi na moja kueleza kwa nini sita, Mwalimu, nikataja misimu na koo na nyota. Ziko saba. Wa saba ni huu:

*Jua lilipokunywa visima vyote,
Hiribae alifyeka mtama wake ungali na maua,
akasimama kushoto na fimbo yake, akasema: piteni.
Ndama aliyekunywa siku ile
ndiye mama wa mama wa ng'ombe hawa.*

Na sauti yako: "Anarudia ubeti wa kwanza."

Hiribae ni babu yako. Uliniambia mwenyewe kwamba umepewa jina lake. Mtu amesimama mbele yako anamwimba babu yako, nawe unaniambia anarudia. Kwa nini?

Sitaki kujifanya safi. Baada ya wimbo ule Mzee Duba alinishika kiganja cha mkono, akanigeuza nitazame mashariki, akaelekeza kidole kwenye migomba yenu, na akakaa hivyo muda mrefu. Daftari langu liko hapa mezani. Niliandika: "Mzee amechoka, anataka kurudi nyumbani." Nilijua hakuchoka. Nilikuwa na jua kichwani na tarehe ya kukabidhi mswada, na chuoni walikuwa wakiningoja nipandishwe cheo. Mkuyu ulikuwapo, na jina lilikuwa la mkuyu, nikaona inatosha. Lile swali moja sikuliuliza kwa sababu niliogopa jibu lake litanirudisha nyuma mwaka mzima.

Huka ameniletea habari ya Garsen. Wiki iliyopita wafugaji walifuata ramani yangu. Mkondo ule una tope chini ya magugu, na ng'ombe wenye kiu hawasikii fimbo. Waliingia wakanasa. Wengi ni wa Mzee Duba. Yeye mwenyewe, na umri ule, alishuka topeni kuwavuta kwa kamba, na tangu siku hiyo hajainuka kitandani.

Ni ramani yangu iliyowapeleka pale. Usiku na mchana nawaza hilo tu. Niandikie ukweli, hata kama ni mstari mmoja.

Ikhlas


Chara,
9 Februari 2025

Ikhlas,

Mficha uchi hazai. Niliwafundisha methali hiyo watoto wa watu miaka thelathini na minne, nikawapa na alama walioieleza vizuri. Sasa soma ya mwalimu wao.

Malka ya Mkuyu inapita shambani kwangu. Daima ilipita kwetu. Mto ulipokuwa penye mkuyu, shamba la babu lilikuwa pale. Mto ulipohama, babu alihamia ukingo mpya na malka ikaja naye, jina lake lile lile, wala hakuna mtu wa huku aliyeshangaa. Kwetu malka haikai na mti. Inakaa na maji, na inakaa na mtu anayeifungua. Kiangazi kikishika, wafugaji wanakuja, mwenye shamba anasimama kushoto na fimbo, mfugaji wa kwanza anampa maziwa anywe, halafu ng'ombe wanapita. Wakishapita wote wanaimba jina lake. Babu alifanya hivyo, baba akafanya, na mimi nimefanya miaka ishirini.

Kisha ukaja mwaka ule wa fujo kati ya wakulima na wafugaji. Tulikimbia sote, wao huko na sisi huku. Tuliporudi, kiangazi cha kwanza hakuna aliyekuja na ng'ombe, wala hakuna aliyethubutu kuwaita. Njia ilikuwa tupu, udongo wake mweusi, umerutubishwa na ng'ombe tangu enzi za babu. Nikamwambia Bahiya, tupande migomba, msimu mmoja tu. Migomba ikatoa mikungu ambayo sijaiona maishani mwangu. Mwaka wa pili nikasema msimu mmoja tu. Duba alipokuja kunisalimia nikamwambia watu bado wana hofu, pitieni kwa jirani. Akapitia kwa jirani. Jirani naye akafunga. Mmoja akifunga, wote wanafunga, na aliyeanza nilikuwa mimi.

Ndipo ukaja wewe na kimashine chako. Ulisema: "Mwalimu, nionyeshe Malka ya Mkuyu." Ulikuwa na uso ule ule wa darasa la sita, wa mtoto aliyekwisha kuamua kwamba mwalimu hakosei. Ningekupeleka nyumbani kwangu ningekuonyesha nini? Nikakupeleka kwenye mti.

Sikujua kama Duba angeuimba ubeti ule. Alipofika kwenye jina la babu aliacha kukutazama wewe, akanitazama mimi. Akaningoja. Nikasema anarudia wa kwanza. Duba anajua Kiswahili, Ikhlas. Si cha kuandikia vitabu, lakini cha kuelewa uongo anacho. Tulipokuwa tunarudi alinikaribia akaniambia, "Mwalimu, leo wewe umechoka." Maneno hayo tu. Siku hiyo nilikula ugali kwa samaki, nikalala vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi sasa, kwamba nililala vizuri.

Kitabu kilipotoka uliniletea nakala mwenyewe. Bahiya aliniomba nimsomee ule ukurasa wa kwanza. Nilimsomea. Akasema, "Mwaminifu?" akatoka nje kupepeta mchele. Hajawahi kuniomba nimsomee tena.

Nimekuambia yote. Sasa nakuomba nami. Usipeleke rekodi Garsen. Sema ramani ilikosewa, sema mto ulihama wewe hukujua, wewe ni msomi, wasomi wanasamehewa. Mimi hapa ndipo nitakapozikwa. Nikumbuke nilivyokushika mkono darasa la kwanza kukufundisha herufi. Nipe msimu mmoja, niifungue mwenyewe polepole, bila watu kujua ilifungwa na nani.

Hiribae


Garsen,
13 Februari 2025

Mwalimu Hiribae,

Salaam aleikum. Mimi ni Sadia, mtoto wa Duba. Mimi si mtu wa barua, Kiswahili yangu ni ya soko, utanisamehe.

Baba amekufa Jumanne. Tumezika siku hiyo hiyo. Kifua ilijaa tangu ile siku ya tope. Mtu wa Chara hakuja hata mmoja, ndiyo nasema pengine hamjasikia.

Yule mwanafunzi Huka alikuja kabla. Aliweka sauti ya baba kwa simu, baba akasikiliza akiwa amelala. Ikafika pale wewe unasema anarudia. Mimi nikakasirika. Nikamuuliza, baba, ulikuwa unajua, kwa nini hukusema mbele ya daktari? Akaniambia jina ya mwenye kufungua haitolewi na mwenye ng'ombe kwa nguvu. Inatoka kwa mdomo ya mwenye shamba. Yeye aliimba, alafu akangoja wewe useme. Alisema amengoja, na anaweza kungoja tena.

Sasa amemaliza kungoja.

Alisema pia mwalimu asitajwe kwa ubaya. Hiyo ni baba. Mimi nasema bado.

Alhamisi ni kikao. Sisi tutakuwa huko.

Sadia Duba


Mombasa,
16 Februari 2025

Mwalimu,

Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Habari za Mzee Duba nimezipata. Barua yako ya tarehe tisa nilikuwa nimeiweka chini ya kitabu, nikitafuta jibu la upole. Sasa upole hauna pa kukaa.

Msimu siwezi kukupa. Haukuwa wangu. Rekodi nimekwisha kuzituma kwa kamati, zote, pamoja na tafsiri ya Huka na ukurasa wa daftari wenye maneno "mzee amechoka". Nitasimama mbele yao niseme kwamba mkono wa yule mzee niliuhisi ukinigeuza, na kwamba nilichagua kutoelewa. Mchapishaji nimemwambia aache kuuza kitabu. Chuoni wataniita, na wakiniita nitakwenda.

Sikuandikii kukuhukumu. Nawezaje? Uliufunika ubeti mmoja, mimi nikajenga kitabu kizima juu ya kifuniko, nikapewa cheo. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulijua unafunika nini. Nimelia kwa Mzee Duba, na nimelia kwa ajili yako pia, na kilio hicho cha pili naona haya kukisema.

Ulinishika mkono kunifundisha herufi, ni kweli, sijasahau. Njoo Garsen, Mwalimu. Usije kunitetea. Njoo useme ubeti wa saba kwa kinywa chako, mbele ya mtoto wa Duba. Kiti cha plastiki nitakuwekea.

Ikhlas


Chara,
27 Februari 2025

Mwanangu Ikhlas,

Kile kiti ulichoniwekea Garsen nilikiona. Nilikuwa nje, dirishani, nyuma ya watu. Nilikuona umesimama, nikakusikia kwa kipaza sauti ukilisoma daftari lako mbele ya kamati, hadi pale penye "mzee amechoka". Nilisikia mwenyekiti akiuliza kama mkalimani yupo. Ukageuka kukitazama kiti. Miguu yangu ilikataa, na safari hii haikuwa goti. Nilipanda boda nikarudi nyumbani kabla hamjatoka.

Nilimkuta Bahiya na panga. Alikuwa amekwisha kukata migomba minne, ya mbele kabisa, ile yenye mikungu mikubwa. Hakuniuliza kikao kilikwendaje. Aliniambia, "Wewe ulipanda, lakini mimi nilimwagilia." Nikachukua panga la pili. Tulikata siku nne. Majirani walikuja kutazama, wakaniambia kamati haijatoa uamuzi, tungoje mwezi wa nne. Nikawaambia nimengoja miaka kumi na miwili, nimechoka kungoja. Kisha nikawaambia kwa nini, mwanzo hadi mwisho, na jina la babu, na ramani, na Duba. Wengine waliondoka kabla sijamaliza. Jirani yangu Bonaya alibaki. Jana ameanza kukata yake.

Nilimtumia Sadia ujumbe kwa mkono wa Bilal: malka iko wazi, ipo pale ilipokuwa. Hakujibu. Leo asubuhi nikaliona vumbi.

Nilisimama kushoto, na fimbo ya babu, ile uliyokuwa ukiichezea kwa baba yangu mlipokuja kutembea. Sadia alikuwa mbele amebeba kibuyu. Alipofika kwangu alisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno, Ikhlas, mimi mtu wa maneno, hayakutoka. Kilichotoka ni ubeti. Niliusema wote kwa Kiorma, mtama na maua na ndama, na jina. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipita, akampa Bahiya yale maziwa. Bahiya akanywa nusu, akanitazama, akamtazama Sadia, akamrudishia kibuyu mwenyewe.

Ng'ombe wakapita. Si wengi kama zamani. Walikuwa wamekonda, mbavu unazihesabu, na waliposikia harufu ya maji wakaanza kukimbia juu ya mashina niliyoyaacha. Walipokwisha kunywa, wafugaji wakaimba. Walifika ubeti wa saba wakamtaja Hiribae, wakaishia hapo. Kwa kawaida baada ya babu walikuwa wakimtaja baba, halafu mimi. Nilibaki nimesimama mpaka ndama wa mwisho akapanda ukingo.

Huenda mwaka ujao watanipa maziwa, huenda wasinipe. Nitasimama vilevile.

Kitabu ukikiandika upya, usinifiche kwa huruma. Andika aliyefunga ni nani. Ule ukurasa wa kwanza najua utataka kuung'oa wote. Usiung'oe, mwanangu. Futa "mwaminifu". Jina liache.

Hiribae